Mjomba Waya Ajibu: Mwenye Nyumba Hataki Antena

Barua zimejaa tena hapa Mpala, na mwezi huu nyingi ni za wapangaji. Sishangai. Mwenye nyumba wa leo akikupa ufunguo anakupa na masharti yake: usipike kwa makaa ndani, usilaze wageni, usigonge msumari. Antena haimo kwenye masharti kwa sababu hakuwahi kuota kwamba utaitaka. Ukiiomba tu, inaingizwa siku hiyohiyo.

*Mjomba, jambo. Napanga ghorofani hapa Kalemie, chumba na sebule na kibaraza kinachotazama ziwa. Nimenunua skana ya mkononi kwa mtu aliyetoka Lubumbashi. Baba mwenye nyumba amesema: paani kusiwekwe kitu, ukutani kusitobolewe tundu, uani kusisimikwe mlingoti. Paa ni lake hadi mbinguni. Nikiwa chumbani skana inakoroma tu. Nataka kusikia ndege, meli, na redio za Kigoma. – Mpangaji Mtiifu*

Mpangaji Mtiifu, pole, halafu nikupe habari njema: hilo paa hulihitaji.

Mawimbi unayoyatafuta, yale ya VHF, husafiri kwa mstari ulionyooka na huishia karibu na upeo wa macho. Mafundi wana hesabu yao: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, upate kilomita. Kama kibaraza chako kiko mita 9 juu ya maji, una kilomita 12 tu. Aibu, lakini ngoja. Anayeongea naye ana kimo chake, na hesabu hizo mbili hujumlishwa. Rubani aliye mita 10,000 angani anakuja na kilomita 410 zake mwenyewe. Utamsikia ukiwa umekaa kwenye kiti, mradi asiwe upande wa nyuma ya nyumba. Ukimshinda baba mwenye nyumba na kupandisha antena hadi mita 16, utaongeza kilomita nne, pamoja na ugomvi.

Kinachokuzibia ni zege lenye nondo, na mabati juu ya dari. Wapangaji wengi wakikatazwa paa hukimbilia darini kuficha antena, wakiona wamepata ujanja. Chini ya mabati utasikia panya. Toka kibarazani, au sogea kwenye kioo cha dirisha.

Antena yenyewe usinunue. Tafuta waya wa antena ya TV, ule mnene wenye moyo wa shaba na wavu wa nyuzi kuuzunguka. Gawa 7,150 kwa namba ya masafa unayotaka kwa megahezi, utapata urefu kwa sentimita. Ndege ziko kati ya 118 na 137, basi chukua 125 ya katikati: sentimita 57. Pima hizo kutoka ncha ya waya na umenye ganda la nje. Wavu usiukate. Usukume polepole urudi nyuma, upanuke, uvikwe juu ya ganda lililobaki kama mkono wa shati uliokunjwa. Kukiwa na karatasi ya fedha chini yake, hiyo iondoe. Sasa una sentimita 57 za moyo wa shaba zinazotazama juu na sentimita 57 za wavu zinazotazama chini, na waya unaobaki unakwenda kwenye skana. Uning'inize wima nyuma ya pazia la kibaraza kwa uzi wa nyavu. Msumari hakuna, tundu hakuna, na baba mwenye nyumba akipita chini anaona pazia.

Weka skana kwenye AM. Marubani wa dunia nzima bado wanaongea kwa AM, na ukiiacha kwenye FM utapata mikwaruzo uje unilaumu mimi. Kwa meli, tengeneza waya wa pili wa sentimita 46 na usikilize chaneli 16, yaani 156.8 MHz. Hapo usitegemee makubwa: boti nyingi za mbao ziendazo Moba na Uvira zina simu za mkononi na koo la nahodha, basi.

Kigoma iko kama kilomita 120 kutoka kwako, nje ya hesabu niliyokupa. Ila ziwa lina tabia zake. Kuna jioni hewa ya joto hulala juu ya hewa baridi iliyogusana na maji, mawimbi yakapinda na kufuata ziwa, na vituo vya ng'ambo vikaingia safi kana kwamba vimehamia Kalemie. Kesho yake vimepotea. Usiulaumu waya, wala usiongeze mwingine.

Huko kukoroma nako kuna mwenyewe. Washa skana, kisha chomoa vitu vya nyumbani kimoja kimoja: chaja ya simu, taa ya LED, kile kisanduku kinachochaji betri ya sola. Mara tisa kati ya kumi mkosaji ni hicho cha mwisho. Utasikia skana imenyamaza ghafla na utadhani imekufa. Haijafa, imepumzika. Sogeza kisanduku mbali na waya, au usikilize jua likishatua.

Na baba mwenye nyumba? Mkaribishe jioni moja Kigoma inapoingia vizuri, tena siku ya Simba na Yanga. Usimweleze habari za mawimbi. Mpe kiti, mpe chai, mpe upande wa sauti. Atauliza mwenyewe kama waya ukipanda paani mpira utasikika zaidi. Mwambie hapana, huku ukitazama chini.

*Mjomba, mimi ni wa hapahapa Mpala. Nilivuta waya wa mita 15 kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, nisikilize mawimbi mafupi usiku. Jirani amekwenda kwa shefu kusema naita radi. Juzi radi ilipiga mti ng'ambo ya mto Lufuko, sasa kila mtu ananitazama. Niutoe? – Mshukiwa*

Mshukiwa, utoe. Halafu uurudishe kwa njia nyingine.

Kwanza mtendee jirani haki. Radi anaijua. Mwaka 2016 wataalamu waliokusanya picha za setilaiti za miaka mingi walitangaza mahali panapopigwa na radi kuliko pote duniani: pa kwanza ni ziwa Maracaibo la Venezuela, na pa pili ni Kabare, kwetu huku Kivu ya Kusini, zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Mtu aliyekulia mashariki ya Kongo akiogopa waya uliofungwa juu ya mti, hajakosa akili. Waya wako hauwezi kuivuta radi itoke ng'ambo ya mto. Ila radi ikipiga mwembe, au hata karibu yake, waya utaipokea vizuri sana na kuileta kupitia dirishani hadi mezani, ambako umeegemea kwa kiwiko ukisubiri taarifa ya habari.

Kuhusu radi ya kutumwa na mtu, mashine ya kuipima sina.

Mawimbi mafupi hayahitaji mwembe. Yanatoka mbali, yanagonga tabaka la juu la anga na kushuka, kwa hiyo waya wa mita 6 uliozungushwa ndani ukutani unayapata, nyumba yako ikiwa ya matofali na nyasi. Kama umeezeka mabati, upitishe nje chini ya upenu, uwe mfupi, na ncha yake iwe rahisi kuchomoa. Wingu likijikusanya upande wa milimani, chomoa na uitupe ncha nje. Ukishasikia ngurumo umechelewa, kaa mbali nayo.

Sasa la shefu. Nenda mwenyewe kabla jirani hajarudi mara ya pili. Beba redio, beba na waya, ufungue vyote mbele yake. Akikuuliza mara tatu "hiki ni cha nini?", mjibu mara tatu kwa upole. Mpala ina sababu ya kuuliza. Storms, afisa wa Kibelgiji, alifika hapa 1883 na vifaa vyake, akajenga ngome mdomoni mwa Lufuko, na mwaka uliofuata watu wake wakamuua mtemi Lusinga, kichwa chake kikasafirishwa hadi Ubelgiji. Watu waliotendewa hivyo wana haki ya kukagua mzigo wa mgeni, na hata wa mwenyeji.

Kumbuka pia enzi za foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Mtu wa foni alikuwa na waya mrefu kuliko wako, juu ya miti miwili, na wala hakushtakiwa, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na ndugu Lubumbashi au Kalemie wa kuitwa saa nne asubuhi. Wako unasikilizwa na mtu mmoja, usiku, mlango umefungwa. Fungua mlango. Weka redio barazani saa ya habari, na jirani huyo uwe wa kwanza kumpa kigoda.

*Mjomba, rafiki yangu ana toki-woki ya Kichina na wakati mwingine anawasikia askari. Nikimwiga kuna shida gani? – Mdadisi, njia ya Fizi*

Mdadisi, usimwige. Ningeweza kukutajia ibara ya 31 ya Katiba ya 2006, inayolinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Ningeweza kukuambia kwamba chombo kinachorusha mawimbi kinahitaji ruhusa, na msimamizi wa mambo hayo ni ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Lakini katika nchi yenye vita, mtu akikutwa na masafa ya askari kwenye daftari haulizwi habari za ibara. Futa hizo chaneli. Sikiliza ndege.

*Habari yako Mjomba. Sisi ni wa Moba, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa tuko Lexington, Kentucky. Menejimenti ya apatimenti imebandika karatasi mlangoni: antena ya skana iliyo barazani itolewe. Kanisani mtu aliniambia kuna sheria ya serikali kuu inayotulinda. Nigome? – Wa Ghorofa ya Tatu*

Wa Ghorofa ya Tatu, huyo wa kanisani amesoma nusu ya ukurasa. Sheria ipo, ni ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, tangu 1996, na mwaka 1999 ikapanuliwa hata kwa wapangaji: mwenye jengo asikuzuie kuweka dishi lisilozidi mita moja, au antena ya TV, kwenye baraza ambayo ni yako peke yako. Skana haikutajwa. Wala redio za mafundi wa ridhaa. Kwa hiyo menejimenti ina haki juu ya ile antena yako, na ukigoma utashindwa kwa Kiingereza.

Itoe, uombe radhi, uwe umemaliza. Wiki ijayo funga antena ya TV, ambayo wamelazimika kuiruhusu. Waya wake ukiingia ndani na kugawanyika, tawi moja likaenda kwenye TV na jingine pengine, mimi sikuwepo.

Ukiamua kuiweka ndani, jihadhari na dirisha. Kwenye nchi za baridi, vioo vingi vipya vimepakwa utando mwembamba wa metali ili joto lisitoke. Huo huzuia mawimbi vilevile. Simama na skana dirisha likiwa limefungwa, kisha lifungue; sauti ikiruka juu, umejua adui ni nani, na menejimenti kwa hilo haimo. Usisikitike pia ukikuta polisi kimya: miji mingi ya Marekani imefunga mawasiliano ya polisi wake kwa siri, na hakuna antena inayofungua hiyo kufuli. Ndege na treni bado ziko wazi.

Na skana usiende nayo garini. Kentucky ina sheria ya kukataza vyombo vinavyonasa polisi ndani ya gari, isipokuwa kwa wachache kama wenye leseni ya redio ya ridhaa. Mtu wa Moba hakutoka Nyarugusu ili akalale rumande kwa kusikiliza.

*Shikamoo Mjomba. Tunaishi flati Muscat. Mume wangu amefunga waya barazani, mahali pa kamba ya nguo, na hataki nianike kanga hapo. Anasema nguo zinabadilisha masafa. Ni kweli au ananikimbiza? – Mama Kanga*

Marahaba mwanangu. Ni kweli kidogo, na anakukimbiza kidogo.

Nguo mbichi ina maji, na maji yakigusana na waya hubadilisha kidogo tabia ya antena. Mtu anayerusha mawimbi atakiona hicho kidogo kwenye kipimo chake. Mtu anayepokea tu, kama mumeo na skana yake, hatakisikia hata akizuia pumzi. Muulize kwa upole kama anarusha. Akisema ndiyo, muulize leseni yake iko wapi, maana huko mafundi wa redio husajiliwa na alama zao huanza na A4, na wana chama chao, Royal Omani Amateur Radio Society. Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa mmoja wao, alama yake A41AA, na sijapata kusikia kwamba jumba la kifalme liliacha kufua.

Anika. Akinung'unika, mwambie Mjomba ameruhusu kanga. Mashuka yasubiri mpaka ndege yake itue.