Acheni Niwe Chawa wa Tableti

Mjini siku hizi kila mwenye chochote ana chawa wake. Mbunge anaye, msanii anaye, mwenye duka la vipodozi anaye, na hata timu inayoburuza mkia kwenye ligi haikosi mtu wa kuipamba redioni asubuhi. Aliyeachwa bila msifu ni mmoja tu: tableti ya sebuleni, ile iliyounganishwa na simu ya mwenye nyumba ikawa inapokea meseji zake zote. Hiyo wakubwa wanailaani, wadogo wanaimwagia uji, na mafundi simu wanaombwa waizibe mdomo. Mimi nimejitolea. Sijalipwa, sijaahidiwa cheo, na bando natumia langu mwenyewe.

Tuelewane kwanza ninayemsifu ni nani. Sizungumzii tableti yenye laini yake. Hizo zimekuwepo tangu Samsung Galaxy Tab ya kwanza ya mwaka 2010, ya inchi saba, na watu waliiweka sikioni hadharani bila haya. Hiyo ni simu iliyonenepa tu. Ninayemsifu ni yule asiye na laini wala namba, asiyetumiwa chochote na mtu yeyote, lakini anajua yote. iPad ilipotangazwa Januari 2010 ilikuwa haipokei meseji za kawaida za laini. Ikangoja hadi 2014, lilipokuja toleo la nane la iOS, ndipo iPhone ikaruhusiwa kumgawia mwenzake meseji zake. Upande wa Android, Google ikafungua mlango wake mwaka 2018. Unafungua ukurasa wa meseji kwenye tableti, unatokea ule mraba wenye vidoti vyeusi, unaupiga picha kwa simu, kazi imekwisha. Kuanzia hapo meseji inafika kwenye simu, na simu inaipeleka sebuleni kwa njia ya intaneti.

Kazi yenyewe ni fupi kuliko kumenya chungwa. Mara nyingi anayeifanya ni mtoto wa darasa la sita, kwa sababu anazozijua mwenyewe, na mwenye simu hupata habari siku meseji ya kwanza inapotua juu ya katuni, wageni wamekaa, soda zimefunguliwa.

Niseme mapema kwamba sifa kubwa ya kifaa hiki ni ukaguzi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti yake mwishoni mwa Machi, mara moja kwa mwaka, tena ikiwa imejaa majedwali. Tableti haingoji Machi. Chukua mchango wa harusi. Kila mkaaji wa Dar es Salaam anajua mtu anavyoahidi akiwa kwenye kikao cha kamati, maikrofoni iko mkononi mwa mwenyekiti na watu wanamtazama. Anataja kiasi cha kujikweza, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani kimya. Zamani aibu hiyo ilizikwa ndani ya simu. Sasa, siku tatu kabla ya sherehe, maandishi yanatokea kwenye kioo cha inchi kumi: kamati inamkumbusha ndugu mpendwa ahadi yake ya laki tatu. Mtoto anaisoma kwa sauti, maana mwalimu wake amesisitiza kusoma kwa sauti.

“Baba, laki tatu ni ngapi?”

Mama yake anatoka jikoni akifuta mikono. “Baba Fulani, mimi si uliniambia elfu hamsini?”

“Ile ni ahadi tu, mama. Ahadi si hela.”

“Na ada ya huyu anayekusomea, nayo ni ahadi?”

Hakuna bunge lililowahi kujadili bajeti kwa ufupi namna hiyo, na maswali ya nyongeza huendelea hadi chakula cha usiku.

Miamala nayo ndiyo imemalizia. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu siku ya kwanza imekuwa na tabia ya kujibu kwa meseji: imethibitishwa, kiasi hiki, kwa fulani bin fulani, makato haya, salio lako jipya hili. Mwanamume anaweza kusimama mlangoni akaapa hana hata ya kununulia mkate. Salio liko pale, kwa maandishi makubwa, chini ya jina la mtu ambaye hakuna mwanafamilia anayemfahamu. Na yule aliyehifadhi namba fulani kwa jina la Fundi Gereji, akidhani amemaliza kazi, anasahau kwamba fundi naye huandika. Fundi gani wa gereji anauliza saa tano usiku kama umeshalala? Tableti haikuongeza neno hata moja. Imeonyesha tu ilichopewa, ikazima kioo chake.

Naambiwa: “Na faragha je?” Wanaouliza hivi huwa wamevaa miwani mizuri, nami nawaheshimu. Ila SMS haikuzaliwa siri. Mwaka 1985, huko Bonn, Mjerumani aitwaye Friedhelm Hillebrand alikaa mbele ya taipureta akawa anachapa sentensi zilizomjia kichwani na kuhesabu herufi na nafasi zake. Akaona karibu zote hazivuki 160, akasema zinatosha. Yeye na wenzake waliounda viwango vya simu walipotaka ushahidi zaidi wakatazama kadi za posta, wakakuta nyingi zina herufi zisizofika 150. Angalia walikokwenda kutafuta kipimo: kwenye kadi ya posta, karatasi isiyo na bahasha, ambayo mpanga barua ameisoma, mbeba barua ameisoma, na mtoto aliyetumwa posta ameisoma mara mbili njiani. Herufi 160 za meseji yako ni urithi wa kadi hiyo isiyojua kufunga mdomo. Hata SMS ya kwanza kabisa, ile ya salamu za Krismasi ya tarehe 3 Desemba 1992 huko Uingereza, Neil Papworth aliituma kutoka kwenye kompyuta, na simu iliyoipokea haikuwa na uwezo wa kujibu. Kwa hiyo anayesema meseji ni mali ya simu peke yake hajui ukoo wake.

Na sisi huku hatukungoja Wajerumani. Kanga ilikuwa ikipeleka ujumbe tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye kanga zake zilijulikana kwa jina la Abdulla, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanza kuzitia maandishi. Maneno ya kanga hayana namba ya mpokeaji. Mtu anajitanda, anapita taratibu mbele ya mlango unaohusika, mtaa mzima unasoma, na mlengwa anajijua. Ungemwambia bibi wa Mji Mkongwe kwamba ujumbe mzuri ni ule usiosomwa na majirani, angekuuliza sasa umeutuma wa nini.

Redio nayo? Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam watu walinunua kadi za salamu kwa hela yao, wakaorodhesha shangazi, mjomba, shemeji na wote wanaowafahamu, kisha wakaomba wasomwe mbele ya nchi nzima. Sikumbuki aliyelalamikia faragha. Waliolalamika ni wale ambao majina yao yalirukwa. Na kijijini barua ilikuja kwa S.L.P. ya shule au ya kanisa. Kama mwenye barua hakujua kusoma, mwalimu alimsomea barazani, wajukuu wamekaa, jirani amejisogeza kidogo, na habari za mwanawe aliye mjini zikawa za kijiji kabla jua halijazama. Mambo ya mtu kulala na simu chini ya mto, imefungwa kwa alama ya kidole, ni desturi ya juzi juzi. Tableti imekuja kuturudisha kwenye mila, na sisi tunaojisifu kwa mila ndio tunaoipigia kelele.

Tena tuulizane. Tarehe 23 Agosti 2022 Sensa ilipoanza, makarani walikuja na vishikwambi majumbani. Wakauliza tunaishi na nani, tumesoma mpaka wapi, choo ni cha aina gani, na tukajibu, tukapata kuwa watu 61,741,120. Baadaye vishikwambi hivyo vikakabidhiwa kwa walimu. Hatukukasirika kwamba kioo cha namna ile kinajua mambo yetu ya ndani. Iweje kile tulichokinunua wenyewe kikijua habari za mchango wa harusi tuseme kimetuvunjia heshima?

Nikubali kwamba kuna eneo moja ambapo hata chawa hodari hutoka jasho. Benki inapotuma ile namba ya uthibitisho huandika kwa msisitizo kwamba usimpe mtu yeyote. Tableti wakati huo imeshampa bibi, mjomba aliyekuja kutoka Kahama, na mtoto wa jirani anayependa katuni. Wataalamu wa usalama wanasema huo ni mlango wa mwizi: mwenye kuishika tableti yako ameshika funguo za akaunti zako. Wanasema kweli tupu. Nami najibu kwa ujasiri wa mtu asiye na kitu benki kwamba mlango huo huo ndio unaotuokoa na mwizi mwingine. Yupo yule anayeandika “ile hela tuma kwenye namba hii.” Mtu akiipokea peke yake, ndani ya daladala, ana deni kweli, ana haraka, anaweza kutuma. Ikitua sebuleni inasomwa na bunge zima. Dada wa kazi anasema hata kwake imekuja jana, namba nyingine, maneno yaleyale. Mjomba anacheka. Mwenye nyumba, aliyekuwa ameshaanza kubonyeza, anakohoa na kusema alijua tangu mwanzo, na kijana mmoja anapeleka namba ya tapeli kwenda 15040 ili wahusika wamshughulikie. Wangapi wamepona kwa njia hii sijui, lakini baba mmoja namfahamu, na hapendi nimtaje.

Yako mengine madogo. Meseji ndefu husafiri ikiwa imekatwa vipande vya herufi 153, na kipande kikichelewa, tableti inaipa familia nzima nafasi ya kukisia mwisho wake. Mlio wake huja nyuma kidogo ya mlio wa simu, ili asiyesikia wa kwanza asiseme hakusikia. Na kujibu imewaachia wote. Bosi aliandika kuuliza umefika wapi. Akajibiwa na mtoto wa chekechea kwa mstari mzima wa herufi k na picha ya mamba. Bosi hakuuliza tena.

Sifa moja naitoa bila utani. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Kwenye simu ndogo mzee huivuta mbali, huisogeza karibu, huvua miwani, huivaa, na ifikapo tarakimu ya kumi na tatu hupotea akaanza upya, na taa bado hazijawaka. Kwenye tableti ya sebuleni, yenye chaji na bando, namba zinakaa wazi, nne nne, kila moja na unene wa kidole. Mzee anazitaja kwa sauti ya adhana, mjukuu anabonyeza kwenye mita, umeme unarudi. Anayetaka kuitoa tableti sebuleni aje amweleze mzee huyo kwanza.

Wapo waliokwisha kuitenganisha. Njia ni nyepesi: unaingia kwenye programu ya meseji ya simu yako, unatafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, unakiondoa. Siwazuii. Ila wajue kwamba siku ya pili yake watu nyumbani wataona kimya, na kimya hicho ndicho kitakachoulizwa. Mke atataka kujua kulikuwa na nini. Mama mkwe atapiga simu. Ni afadhali meseji moja ya Fundi Gereji iliyosomwa na wote kuliko ukimya ambao kila mmoja ameutungia maana yake.

Kwa hiyo ndugu yangu uliye nayo, iache ilie. Ila kama kuna kamati inakudai, ilipe leo kabla ya saa mbili usiku, maana taarifa ya habari ikianza nyumba nzima inakuwa sebuleni.