Stoo Kipa wa Baba Mkwe

Mdomo wangu huu, jirani, ndio utakaoniua. Uliniponza Dar, nikahama nao mpaka huku Dayton, Ohio, nikidhani huku hakuna anayeujua.

Ilikuwa hivi. Ndoa haina hata miezi mitatu. Tumeitwa kula kwa wakwe. Nimekaa kwenye ncha ya kiti, naogopa hata kutafuna. Baba mkwe akaniuliza, kwenu ulikuwa unafanya kazi gani? Nikasema biashara ya spea. Kariakoo, upande wa Gerezani. Sikudanganya. Nilikaa dukani kwa mjomba miezi miwili. Nilikuwa nafuata chai, nikirudi navuta wateja mashati. Lakini hebu jiweke wewe. Umemchukua binti wa watu, mahari hujatoa hata jogoo, halafu useme ulikuwa mfuata chai?

Mzee akaweka uma chini. "Spea! Mwanangu, Mungu ndiye aliyekuleta."

Nikajua ana gari bovu. Nikajipanga. Tutafungua boneti, nitaguna, nitasema plagi, nitanawa mikono. Akanipeleka gereji. Gari halimo. Gari liko nje linanyeshewa. Ndani kuna ndege.

Ndege, bwana. Siyo ya kuning'iniza sebuleni. Ya kupanda watu wawili, waende angani, na Mungu akipenda warudi. Huku watu wanaagiza ndege kama sisi tunavyoagiza kabati. Inaletwa na lori, vipande vipande, kwenye makasha, na kitabu cha maelekezo juu. Unaanza na mkia. Ukimaliza mkia, mabawa. Halafu kiwiliwili. Injini mfuko mwingine, propela mfuko mwingine, saa na redio ndiyo usiulize. Na FAA, wale wakubwa wao wa anga, wanataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wa kawaida, wanaojifunza au kujifurahisha tu. Wanaiita asilimia 51. Yaani serikali inakukataza kumwachia fundi! Kwetu ukijenga banda la kuku bila fundi, majirani wanakuitia mwenyekiti wa mtaa.

Mimi nikapewa ustoo kipa. Daftari, kalamu, na karatasi za orodha ndefu kama za wapiga kura. Kazi yako, akasema Mzee, ni kuhakiki kila kitu kilichomo kwenye makasha, kabla siku za kulalamika kwa kampuni hazijaisha. Nikasema hiyo ndogo. Si unaona mdomo?

Nikaanza na ribiti. Hizi ndizo zinazoshonea bati la alumini, na ndege moja inakula zaidi ya 10,000. Zinapimwa kwa uzito, kama sukari. Ndogo kama vijiti vya kiberiti vilivyovunjwa. Nikavaa miwani ya mke wangu, nikazimwaga mezani. Ya kwanza nikaona ina kishimo katikati ya kichwa, kama imedonolewa na kuku. Mbovu. Nikaiweka pembeni. Ya pili, kishimo. Mbovu. Nimekaa pale toka saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, shingo imekauka. Mwisho nikatazama upande wa nzima. Hakuna hata moja. Nikaenda kwa Mzee kifua mbele. Mzee, tumepigwa. Mzigo wote feki.

Akachukua moja, akaitazama, akanitazama. Kile kishimo ndiyo alama. Ndicho kinachokuambia hii ni alumini ya aina inayotakiwa. Isiyo na kishimo ndiyo ya kuogopa. Akanipigapiga mgongoni taratibu, kama unavyompiga mtoto aliyepaliwa. Nikarudi kuzizoa. Nyingine zilikuwa zimeshaingia chini ya friji, mpaka leo zimo.

Halafu majina yake sasa. Ribiti moja, kitu ambacho ukipiga chafya kinapotea, inaitwa AN426AD3-3.5. Machifu wenyewe hawana majina hayo. AN ni mambo ya jeshi lao la zamani, Army na Navy. 426 ni umbo la kichwa, kile bapa kinachozama kwenye bati. AD ndiyo hiyo alumini yenye kishimo. Ile 3 ni unene, ukiikata inchi mara 32. Ile 3.5 ni urefu, lakini hapo inchi wameikata mara 16. Umechoka? Hujafika kwenye boliti. Boliti inaitwa AN3-5A. Ukadhani 3 ni ile ile 3. Wapi! Kwenye boliti unene inchi imekatwa mara 16, urefu mara 8. Mimi nimekulia spana namba 10, namba 12, namba 14. Milimita. Mtu unalala usingizi.

Na hiyo A ya mwisho ndiyo iliyonivua nguo. Nimesoma shule za kwetu, A ni A. Nikajua hizi ndizo daraja la kwanza. Nikaziwekea kopo lake, nikaandika "nzuri", nikasema hizi tutafunga sehemu za hatari. Zile zisizo na A nikazisukuma nyuma na wenzao waliofeli. Siku moja Mzee akataka boliti ya kwenye bawaba ya usukani wa mkia, mahali panapochezacheza, ambapo nati inafungwa na pini isije ikafunguka yenyewe angani. Nikampa A kwa mikono miwili. Akageuza, akageuza. Akauliza, tundu la pini liko wapi? A, ndugu yangu, maana yake haina tundu.

Nikaona nimwokoe. Nikaleta nyingine, fupi kidogo. Nikamwambia, Mzee, hii inaingiana. Kule Gerezani hilo neno linalisha familia. Ya Corolla inaingiana na ya Carina, ya Carina ukipiga tupa kidogo inaingiana na kitu ambacho hata Toyota hawajui. Mteja anaondoka anashukuru. Kikipasuka kinapasukia Chalinze, abiria wanashuka wananunua mahindi. Mzee akanikalisha kwenye ndoo. Akasema kwa upole, mwanangu, kule juu hakuna Chalinze. Sawa, hakusema Chalinze. Alisema "hakuna pa kuegesha". Lakini mimi niliisikia Chalinze.

Basi nikatafuta mfumo wangu. Trei za mayai, makopo ya kahawa, vichupa vya chakula cha mtoto. Nikabandika vikaratasi kwa Kiswahili, niweze kukumbuka. "Kafupi kanene." "Karefu kembamba." "Haka sikajui." "Haka nako." Mzee akija usiku kutafuta nati anasimama pale kama yuko ubalozini. Ilibidi mke wangu aitwe saa tano za usiku kutafsiri, na Kiswahili chake ni cha kuagiza chipsi mayai. Na sikutumia trei za mayai peke yake. Nilichukua na lile trei la Mama mkwe la kuokea vikeki, lenye vishimo 12, maana liliumbwa kwa ajili ya washa. Sitasema zaidi. Shangazi wa watu jino lake lilishatengenezwa.

Ungedhani kwa hapo wangenifukuza. Walinipandisha cheo.

Kupiga ribiti kunataka watu wawili. Mmoja yuko nje na bunduki ya upepo, anagonga kichwa. Mwingine yuko ndani ameshika kipande cha chuma kizito, anakikandamiza upande wa pili, ule mkia wa ribiti ubondeke uwe kifungo. Sasa ule mkia wa ndege unakwenda ukisinyaa kama koni ya aiskrimu. Nani aingie? Mzee ana kitambi. Wote wakanitazama mimi na mbavu zangu.

Nikaingia, kichwa kwanza. Bati lote limesimamishwa na pini za springi zinaitwa Cleco, za rangi ya fedha kwa matundu madogo, za rangi ya shaba kwa yanayofuata. Kwa nje linapendeza kama nungunungu, kwa ndani wewe ndiye mbwa aliyemrukia. Mzee akaanza kupiga. Umewahi kuvishwa debe, watoto wakaligonga? Ananipigia kelele kitu, sisikii, najibu "sawa". Anauliza kingine, "sawa". Kumbe alikuwa anauliza kama chuma nimekishika mahali pake. Ribiti 9 zikabondeka upande kama meno ya bibi, na kila moja inatolewa kwa drili, pole pole, usije ukalipanua tundu.

Kutoka ndiyo ikawa kesi. Ovaroli imenasa kwenye pini. Mzee kaenda kuzima kompresa, simu ikalia, akasahau kuna mtu kwenye mkia. Nikaita. Nikaita tena. Nikasikia viatu vya kisigino. Mama mkwe.

Wewe unajua kwetu mama mkwe ni nani. Ukimwona njiani unavuka barabara. Kofia unavua, macho unaangusha. Huyu akanishika miguu yote miwili. Akaweka goti kwenye kasha apate nguvu. Akavuta. Ovaroli ikatoka. Mimi nikabaki.

Na kabla hajaniletea taulo akapiga picha. Siyo kwa ubaya. Lazima waweke daftari la kazi, kila hatua na picha yake, mkaguzi akija aone kweli ndege imetengenezwa nyumbani na watu wasio na kiwanda. Kwa hiyo hiyo chupi yangu, jirani, ile yenye nembo ya Simba, ni ushahidi. Iko kwenye asilimia 51.

Mzee akiona nimenuna ananipeleka Carillon Park, hapa hapa mjini, kuitazama ndege ya Wright Flyer III ya 1905. Anasema hawa akina Wright, ndugu wawili, walikuwa mafundi baiskeli. Ndege yao ya 1903 nayo ilisafirishwa vipande kwenye makasha mpaka North Carolina, ikaunganishwa kule karibu na Kitty Hawk. Desemba 17, mara ya kwanza, ikaruka sekunde 12, futi 120. Daladala ya Mbagala inafika mbali zaidi kabla konda hajadandia. Halafu ananisimulia habari za Charlie Taylor, fundi wao, aliyewatengenezea injini kwa wiki kama sita, na dunia ikamsahau. "Wewe ni Charlie wangu," anasema. Nikashukuru. Lakini Charlie alikuwa anajua spana.

Kilichokuwa kinanipa usingizi ni sheria moja tu. Ndege mpya ya namna hii ina saa zake za majaribio, kawaida 40, na abiria wa kutembezwa haruhusiwi. Nikasema alhamdulillah, 40 za mzee anayepumzika kila dakika 10 ni miaka miwili, na katika miaka miwili mtu anaweza kurudi Dar. Mzee akacheka. Injini na propela tutakazofunga zina cheti kwa pamoja. Kwetu sisi ni 25.

Jumamosi iliyopita lori limeleta makasha ya mabawa. Nimefungua, nimeshika karatasi, nahakiki. Na bahasha ndogo ya Mzee iko juu, kaagiza mwenyewe mapema. Ndani mna kibandiko. Nikakisoma, kwa sauti, kama ninavyosoma vyote. Kinamtahadharisha abiria kwamba ndege hii imetengenezwa na mtu asiye na kiwanda, na haifuati kanuni za usalama za serikali zinazohusu ndege za kawaida.

"Hicho kitabandikwa mbele ya kiti chako," Mzee akasema. "Kiandike."

Nikaandika. Kibandiko, kimoja. Humu ndani nimepoteza nati, ribiti, spana mbili na funguo za gari la watu. Hicho nimeshakitia chini ya makopo, nyuma ya makasha, ndani ya kiatu. Kila nikifungua stoo nakikuta juu.