Sifa za Chawa

Hakuna kiumbe anayeonewa nchini kama chawa. Namsema yule wa miguu miwili, anayeganda kwenye koti la kiongozi na kumsifu hata akipiga chafya. Wanaombeza hawajajiuliza nani mwingine angetupatia kauli moja kwa bei rahisi hivyo. Mkubwa anadokeza jambo Dodoma. Chawa analidaka na kulipamba. Mhariri aliyeketi nao meza moja analichapa chini ya kichwa kinachoanza na "Wananchi". Kesho yake mkubwa analisoma, anafurahi kuona taifa zima linawaza kama yeye. Huku Ufipa redio inasoma magazeti asubuhi, na mkulima wa Laela, kabla hajafunga maksai, anapata habari kwamba ameshaunga mkono. Mwandishi wa Sumbawanga angeweza kwenda kumuuliza, lakini yeye hulipwa kwa habari iliyotoka, na gari la kumfikisha vijijini bila nauli ni la msafara wa kiongozi. Anapanda, na jioni anapewa posho. Huo mnauita ufisadi. Mimi nauita usafiri.

Wakorofi watasema maafikiano haya ni ya watu wachache wanaosomana wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli, ila waangalie hasara ya kuwapa kazi hiyo wasio na kipaji. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, mali ya CCM yenyewe, liliandika ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Chama kikawasimamisha vigogo wa gazeti, serikali ikasitisha leseni yake kwa siku 14. Chawa mzoefu asingeteleza namna hiyo, maana hasemi mkubwa anawaza nini mpaka ajue mkubwa angependa kusikia nini. Somo liliingia. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu wa CCM, ulioitishwa Dodoma kumpata makamu mwenyekiti, ulimaliza papo hapo na habari ya mgombea urais, miezi tisa kabla ya kura. Wenzetu Marekani hukesha kwenye midahalo ya wagombea wa chama kimoja. Sisi makofi yalitosha.

Wengine hulalamika kwamba chawa hunyonya damu. Hunyonya, lakini mbona mkubwa hajakonda? Anayetaka kujua damu ni ya nani aende sokoni Sumbawanga, awaulize wauza maharage bei ya mbolea, kisha alitafute jibu lao kwenye gazeti la kesho.