Mtungi wa Bahla

Mama alipokwenda Muscat kumwona dada yake, nyumba nzima ilimpa maagizo. Shangazi alitaka maji ya waridi ya Jabal Akhdar, kaka alitaka kofia iliyoshonwa kwa mkono, majirani walitaka haluwa, ingawa haluwa ya Oman na yetu ya Zanzibar ni ndugu wa tumbo moja. Mwenyewe Mama alikuwa na haja moja tu: mtungi wa kuning'iniza, ambao Waomani huuita jahla, kama ule aliowahi kuuona kwa bibi yake.

Mimi ndiye niliyemsindikiza. Tulianzia soko la Mutrah, lililo pembezoni mwa bahari, na kule tulinunua ubani wa Dhofar aina ya hojari, mweupe unaoelekea ukijani. Mti wake hukwanguliwa gome, utomvu ukatoka na kuganda, ndipo ukabanduliwa. Lakini khalati, yaani huyo dada wa Mama, alituonya mapema kwamba vitu vingi sokoni mle vimetoka nchi za mbali, na anayetaka chombo cha udongo cha Oman amfuate mfinyanzi. Basi tukaenda Bahla, kilomita 200 hivi kutoka Muscat, mji wa ngome kuu ya udongo iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987.

Mfinyanzi alikuwa mzee mpole. Khalati alipomweleza haja yetu, alichagua mtungi, akaumiminia maji, akauweka kwenye kiti, akatutaka tukae tunywe kahawa. Baada ya muda udongo ukabadilika rangi kwa nje, ukaanza kutoa jasho. Hapo ndipo alipotaja bei. Mama hakuomba apunguziwe, na mimi namuunga mkono: kazi ya mkono inayothibitishwa mbele ya macho yako hailaliwi bei.

Ndani ya ndege aliupakata mtungi umefungwa kanga, na ubani ndani yake.

Nyumbani aliupindua juu ya chetezo, akaufukiza ubani mpaka ukakolea, akaujaza maji, akauning'iniza ukumbini penye upepo. Udongo uliochomwa bila kung'arishwa una vitundu vidogo mno. Maji hupenya hadi nje, upepo huyakausha, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Hewa kavu ya Bahla huifanya kazi hiyo upesi kuliko hewa yetu yenye unyevu, lakini hata hapa Unguja maji yale yalikuwa baridi ya kutuliza koo, yenye harufu ya ubani. Watoto waliyasahau ya friji.

Kisha Mama akavuka kwenda Pemba harusini. Baba, aliyebaki peke yake, akaona sakafu ina maji chini ya mtungi. Mtu anayeipenda nyumba yake hawezi kuacha kitu kivuje. Akatoa mkebe wa rangi ya mafuta iliyobaki milangoni, ya kijani, akaupaka mtungi wote kwa nje, ulipokauka akaurudia tena.

Mama aliporudi alisimama ukumbini bila hata kuvua buibui.

"Baba watoto, umeuziba pumzi!"

"Ulikuwa unavuja, mke wangu."

"Ndiyo kazi yake!"

Siku zile chakula kiliandaliwa kimya. Baba alikaa barazani kila baada ya alasiri akiusugua mtungi kwa msasa, na wapita njia wakimpa ushauri: mafuta ya taa, petroli, magadi. Mama alikataa yote, na alikuwa na haki, kwani udongo ukishakunywa mafuta ya taa nani atakunywa maji yake? Mimi roho iliniuma kwa wote wawili. Chombo kilisafiri kutoka Bahla hadi Unguja, lakini elimu yake iliishia kwetu tuliokaa kwa mfinyanzi. Baba hakuelezwa na yeyote.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mfinyanzi wa shamba. Aliugonga kwa kidole, akausikiliza, akasema rangi haitoki ila kwa moto, na moto wenyewe uwe wa pole. Aliupasha kwanza kando ya jiko, ndipo akauzungushia makumbi na kuuchoma. Moshi wa rangi ulinuka hadi njiani. Ulipopoa, tukaukwangua masizi, tukaujaza maji. Ulitoka na mabaka meusi, upande mmoja ukilowa kuliko mwingine, lakini ulilowa. Mama akaufukiza upya, na kata ya kwanza akampa Baba.

Sasa shangazi naye anautaka wake. Binamu yetu anasafiri baada ya Idi, na Mama amemkalisha chini: "Usichukue wenye kung'aa. Mwambie mfinyanzi autie maji, kaa unywe kahawa, ukiuona umelowa ndipo ulipe. Na ukirudi, shangazi yako mweleze mbele ya mumewe."