Vimevunjika, Lakini Havijanyamaza: Vigae Vitano vya Wagiriki

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuvunjika kwa chungu si mwisho wa hadithi. Hivi hapa vigae vitano vya Wagiriki wa kale, kuanzia cha tano mpaka bingwa mwenyewe.

5. Zimwi lapofuliwa
Kipande kutoka Argos, mwaka 650 KK hivi. Shujaa Odysseus na wenzake wanalidunga kwa mti jicho la pekee la Polyphemus, zimwi lililokuwa likiwatafuna wageni wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, mwenyeji kapofuka. Kajitakia!

4. Matanga yenye mashabiki
Kazi ya mchoraji Sophilos, 580 KK hivi. Shujaa Achilles anamuenzi rafiki yake marehemu Patroclus kwa mashindano ya magari ya farasi. Jukwaani watu wamebanana wakipunga mikono; machozi yameshakauka, sasa ni ushabiki mtupu.

3. Farasi waliobadilishwa majina
Mchoraji Nearchos, 560 KK hivi, kikombe kutoka Acropolis ya Athens. Achilles anawafunga farasi garini. Mshairi Homer aliwaita Xanthos na Balios; Nearchos kaandika Chaitos na Euthoias. Ubishi wa nini? Xanthos wa Homer alijaliwa kusema, angeulizwa mwenyewe.

2. Safari ya Sarpedon
Mchoraji Euphronios, 515 KK hivi. Miungu Usingizi na Mauti wanamnyanyua marehemu Sarpedon, mwana wa Zeus, damu ikimchuruzika. Chungu hiki kilichimbwa kwa magendo Italia, na mwaka 1972 jumba la Metropolitan la New York likakinunua kwa dola milioni 1. Mwaka 2008 kikarudishwa Italia. Maiti ilibebwa na miungu, chungu kikabebwa na wezi. Vyote vilifika kwao.

1. Bingwa: chungu cha François
Kilifinyangwa na Ergotimos, kikachorwa na Kleitias, 570 KK hivi. Kina watu na wanyama zaidi ya 200: arusi ya Peleus na Thetis, wazazi wa Achilles, Hephaestus, mungu wa uhunzi, juu ya baghala akirudi kwa miungu baada ya kuleweshwa na Dionysus, mungu wa mvinyo, hata mbilikimo wakipigana na korongo! Mwaka 1900, huko Florence, mlinzi wa makumbusho alikitupia kigoda, kikawa vipande 638. Aliyelipwa kulinda ndiye aliyevunja. Mafundi wakaviunga, na leo kimesimama.

Basi ukiingia jumba la makumbusho, usilipite kabati la vigae ukikimbilia vyungu vizima. Simama, uangalie nani anamfukuza nani.