Papa Prezida na Bei ya Mpira

Binamu yangu ni kedi huko Nairobi. Hubeba mfuko wa fimbo 14, ndizo nyingi zaidi zinazoruhusiwa, na kila akinipigia simu huanza na masikitiko ya wacheza gofu wa Safari Tour ya zamani. Mfululizo huo ulianzishwa mwaka 2017 ili wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki wagombee nafasi za kuingia Kenya Open. Ukimsikiliza utadhani ulikuwa kituo cha wakimbizi. Mchezaji alijilipia kiingilio, malazi, chakula na kedi wake, kisha akikwama kwenye mchujo baada ya mashimo 36 alirudi kwao bila senti. Tena kwa basi!

Mimi humwacha amalize. Ni katibu wa timu ya mpira wa miguu hapa Kindu, timu ya daraja la chini katika antanti, yaani chama cha mpira cha mji, na najua zamu yangu ya kulalamika inakuja.

Wachezaji wetu nao ni wa kulipwa, kwa maana kwamba wanatudai. Juu yetu kuna ligi ya mkoa, juu yake Ligue 2, na juu kabisa Linafoot Ligue 1, anakokaa mkubwa wetu AS Maniema Union, aliyezaliwa mwaka 2005. Msimu wa 2024-25 aliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR. Mji mzima ulilala na furaha, ila mechi zake za nyumbani zilichezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Kwa hiyo hata wakubwa huku kwetu huwa wageni nyumbani. Sisi wadogo tunacheza nyumbani kwelikweli. Tatizo ni kufika.

Kindu ina komuni tatu. Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ya kushoto ya mto Lualaba, Alunguli iko ya kulia, na daraja hakuna. Timu ya Nairobi ikienda kucheza mtaa wa pili hupanda matatu. Sisi tukienda mtaa wa pili tunasafiri majini, na mtumbwi wa mota hauondoki mpaka ujae. Timu nzima na benchi lake haijazi mtumbwi. Tunangoja bidoni za mawese, kuku wawili watatu, na mama mmoja mwenye magunia ya mchele asiyetaka kusikia habari za arbitri, yaani refa.

"Wanangu, mpira utawangoja," alituambia siku moja. "Soko haliningoji."

Siku hiyo tuligawanywa mitumbwi miwili. Wa kwanza ulibeba wachezaji wanane pamoja nami. Wa pili ulibeba waliobaki, jezi, viatu, na Papa Prezida mwenyewe, mfanyabiashara wa mchele anayeilisha timu na kuikemea kwa mfuko huohuo. Katikati ya mto mota yao ilikohoa ikanyamaza. Tuliwaona wakiteremka na maji, Papa Prezida amesimama wima akihutubia. Ukiachwa na mkondo hapo, bandari kubwa inayokungoja ni Ubundu, mwisho wa safari za meli kabla ya maporomoko, na ni mamia ya kilomita.

Sheria inataka timu isiwe na wachezaji chini ya saba. Sisi tulikuwa wanane, hivyo tulikuwa halali kabisa, peku na vifua wazi. Wenyeji walituazima viatu vya watoto wao wa akademia. Kipa wetu, ambaye mguu wake haujawahi kupata saizi sokoni, alidaka kwa soksi.

Mtumbwi wa pili ulifika kipindi cha pili, ukikokotwa na wavuvi. Bidoni moja ilikuwa imepasuka juu ya mfuko wa jezi. Mawese na jezi nyeupe ni ndoa isiyo na talaka: namba zote zilimezwa, na arbitri akampa kadi ya njano kijana aliyekuwa bado anavua suruali. Idadi ya mabao tuliyofungwa imo kwenye ripoti, anayetaka akaisome huko.

Safari ya Kalima, kwenye machimbo ya kasiteriti, siisimulii. Ilikuwa mvua, pikipiki na matope, na ilichukua muda mrefu kuliko mechi tano.

Binamu yangu hunijibu kwa Jinja. Anasema uwanja wa gofu wa huko Uganda una kanuni yake: mpira ukitumbukia kwenye nyayo za kiboko, unautoa bila adhabu. Hapo nilimwambia kuhusu kanuni ya Lualaba.

Uwanja wetu uko karibu na ukingo, na mpira rasmi ni mmoja. Mechi ya mwisho ya msimu tulikuwa tunaongoza bao moja, jambo lililomchanganya hata kocha, beki wetu alipoupiga mpira juu ya miti mpaka mtoni. Mvuvi mmoja aliuokota, akauketisha mtumbwini karibu na kambare.

"Muko na faranga ngapi?" akauliza.

Papa Prezida akashuka ukingoni taratibu, mikono mgongoni. Sijawahi kuona mtu akipunguziwa bei na bado akaikataa. Aliuliza habari za familia ya mvuvi. Aliuliza bei ya kambare. Alitaka kujua kama mpira ungeweza kulipwa kwa mchele, na kama ni mchele, wa msimu upi. Arbitri alikuwa akitazama saa, sisi tukitazama mawingu.

Prezida wa wapinzani ndiye aliyeishiwa subira. Akaja mbio, akalipa bei yote taslimu, akaubeba mpira mwenyewe kifuani, ukivuja maji na harufu ya samaki. Arbitri akarudisha kila dakika iliyopotea, akiwa na ukarimu ambao hatujawahi kuuona kwake, na wakasawazisha katika hizo.

Mvuvi alikuwa amepanda ukingoni kutazama. Akaniuliza matokeo hadi hapo, nikamwambia. Akaniuliza kabla ya hapo nani alikuwa anaongoza, nikamwambia.

"Basi mungenilipa ninyi," akasema, "ili nisiurudishe."

Mara beki wetu yuleyule akauzungusha mguu tena, na mzee huyo akaanza kuteremka mbio kwenye mtumbwi wake.