Wigi la Ukoo

Ukoo wetu una mali tatu za pamoja: kiwanja cha Kibaha ambacho hati yake haionekani, sufuria kubwa la shughuli, na wigi langu. Kiwanja alinunua babu. Sufuria lilichangiwa. Wigi nililipia mimi peke yangu, Kariakoo, na risiti ninayo. Ila risiti, shangazi anasema, ni karatasi tu.

Hoja yake aliipata bungeni. Juni 2019, Dkt. Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha, alisoma bajeti iliyoweka kodi ya asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia kutoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Saluni zilinuna. Shangazi akachangamka. "Mwanangu, Serikali haitozi kodi upuuzi," aliniambia. "Kitu kikilipiwa kodi ni mali. Na mali ni ya familia." Tangu hapo wigi langu halijakosa kichenpati, sendofu wala kipaimara. Huondoka na mawimbi, hurudi na habari.

Ni nywele za binadamu, inchi 18, za kujikunja, zenye lesi mbele. Muuzaji alinithibitishia kwa kiberiti: alichomoa unywele mmoja, akauwasha. Nywele za plastiki huyeyuka zikabaki tone gumu. Za binadamu hunuka manyoya ya kuku yaliyoungua na kuacha majivu ya kupukutika. Duka zima lilinuka banda la kuku. Nikalipa.

"Hizi Brazil," alisema wakati ananifungia. Brazil hiyo ni ya kwenye boksi. Sehemu kubwa ya nywele zinazouzwa duniani hutoka India na China. Katika hekalu la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, mahujaji hunyoa nywele na kuzitoa sadaka, kisha hekalu huzipiga mnada. Na mji wa Xuchang, China, umejaa viwanda vya mawigi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mama mmoja alipanda mlima kwenda kutimiza nadhiri, na leo sadaka yake inacheza singeli Mbagala kichwani kwa binamu yangu.

Mara nyingi hata hayo mawimbi si ya kuzaliwa nayo. Kiwandani nywele huviringishwa kwenye vijiti, zikapigwa mvuke mpaka zishike umbo. Yaani zimefundishwa kujikunja, na ukoo wetu una kipaji cha kuzisahaulisha.

Wa kwanza alikuwa mdogo wangu, aliyelipeleka Kigamboni kwenye sherehe ya shoga yake. Sherehe ilianza ukumbini ikaishia baharini. Wigi lilirudi ndani ya mfuko, lina chumvi na mchanga, nywele za kisogoni zimekuwa donge moja. "Dada, mbona zimejikunja vizuri zaidi!" alisema. Kujikunja hakukuwepo hapo, kulikuwa na kufungana. Kila unywele umevikwa magamba madogo mno yanayoelekea nchani. Magamba yakilala upande mmoja, nywele huteleza. Yakiparuzwa na chumvi na mchanga husimama, yakang'ang'aniana. Dawa yake ni chanuo la meno mapana, maji kidogo ya kupuliza yaliyochanganywa na kondishena, na roho ya subira. Unashika fungu dogo, unaanzia nchani, unapanda polepole kuelekea kwenye mshono, na donge likikaidi unalifungua kwa vidole. Kazi hiyo inatangulia kuosha, maana donge likifikichwa na povu linakaza. Mdogo wangu alijitolea kusaidia, akaanzia juu. Tukamwomba akatutengenezee chai.

Akafuata wifi, mtu mwenye huruma. Aliona nywele zimekauka, akazimwagia mafuta ya nazi mpaka zikawa zinadondosha. "Wifi, zilikuwa na kiu," alisema, na mimi nikashukuru, kwa sababu wifi hakosolewi. Tena nusu ya maneno yake ni kweli. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yanayoulainisha unywele unaoota juu yake. Unywele wa wigi ulishaachana na kichwa kilichokuwa kikiulisha, kwa hiyo hauna budi kukauka. Lakini ukizidisha mafuta, yanabaki juu juu na kukusanya vumbi la Dar es Salaam, na ikifika Ijumaa unapita mtaani watoto wanauliza mandazi bei gani.

Hapo dawa ni kuosha: maji ya uvuguvugu, shampuu isiyo kali, mkono ukishuka kutoka juu kwenda chini bila kufikicha. Kisha unapaka kondishena ya kutosha, unafunika kwa mfuko wa nailoni, unazungushia taulo lenye joto, unaacha zinywe. Kwetu tatizo ni maji ya kusuuzia. Kisima cha mtaa kina chumvi, na chumvi ndiyo tuliyotoka kuitoa. Suuzo la mwisho kwa hiyo ni maji ya mvua, ambayo mume wangu huyakinga kwa ajili ya kuoshea gari lake. Masika yote gari linapigwa vumbi, wigi linang'aa.

Jirani alipoona taabu hii alikuja na chupa ya kilainishi cha nguo. "Shoga, mimina hii, utanikumbuka." Mwanzoni nilimcheka, kumbe ana chembe ya sayansi: kilainishi cha nguo na kondishena ya nywele vyote hutegemea kemikali zenye chaji chanya, zinazogandia kwenye uzi au unywele na kuufanya uteleze. Tofauti ni kwamba kimoja kilipimwa kwa ajili ya blanketi, na blanketi halina paji la uso la kuwashwa. Nikaipokea chupa kwa mikono miwili na kufulia mapazia.

Msiba mkubwa aliuleta shangazi mwenyewe. Alialikwa kuwa somo kwenye kichenpati, akaona mawimbi hayaendani na hadhi. "Mimi mtu mzima, nataka zilale," akazikandamiza kwa pasi ya nywele mpaka chumba kikafuka. Zililala kweli, tena usingizi mzito. Umbo la unywele hushikiliwa na vifungo vya aina mbalimbali. Vipo vya haidrojeni, ambavyo ni vyepesi: maji yakiingia vinaachia, unywele ukikauka vinashika upya kwa umbo unalokaukia. Hivyo ndivyo vinavyotusamehe. Vipo na vya salfa, vigumu, ambavyo maji hayaviwezi. Pasi nayo ikipita nyuzi 200 huharibu protini yenyewe, na protini iliyoungua haina msamaha wa mtu yeyote, awe somo au bibi harusi.

Kwa bahati shangazi ilibidi awahi ukumbini kabla hajamaliza kichwa chote, kwa hiyo palikuwa na cha kuokoa. Jumapili moja ya Simba na Yanga tulikaa sebuleni na wigi lililolowa, kila mtu akapewa fungu la nywele kulizungusha. Rola hazikutosha, tukachukua penseli za watoto. Mume wangu, mtu wa Simba, alipewa upande wa kushoto. Mwanangu mkubwa, mtu wa Yanga, upande wa kulia. Yanga walipofunga, kulia kukakaza na kushoto kukalegea. Lilipokauka, ungeweza kusoma matokeo ya mechi kichwani.

Kesho yake mwanangu mdogo alifika shuleni hana penseli. Mwalimu alipouliza, akajibu kwa adabu zote: "Zipo kwenye nywele za mama." Nikaletewa barua: mzazi afike shuleni.

Kukausha nako kuna mambo yake. Draya huyatawanya mawimbi, jua kali hufubaza rangi, hivyo tulilianika kivulini kwenye kamba ya nguo. Akashuka kunguru, akachomoa nyuzi, akaondoka nazo kwenda kujengea kiota mwembeni. Kisha akarudi na mwenzake. Kunguru hawa kwao ni India: waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka, wakazaana, wakavuka hadi bara. Sikuweza kuwakasirikia sana. Huenda walitambua nywele za nyumbani.

Tukahamishia shughuli ndani. Dumu la lita 20 kwenye stoo likavikwa wigi, taa imezimwa. Usiku huo mama mkwe aliingia kutoka Korogwe na basi lililochelewa, akapita stoo kutafuta ndoo. Tulimsikia akisema, "Hujambo?" Kimya. "Nasema, hujambo, binti?" Kimya. Akaja sebuleni amekunja uso, akamwambia mwanawe kwamba msichana wa kazi waliyemweka safari hii ana nywele nzuri, lakini haamkii wakubwa.

Baada ya hayo niliandika masharti, nikayabandika kabatini. Wigi lisilaliwe, asiyeweza kulivua kabla ya kulala azisuke nywele mabutu mawili makubwa na kuvaa boneti ya satini, kwa kuwa foronya ya pamba inazinyonya unyevu na kuzikwaruza. Chini yake msuke twende kilioni, si mafundo yanayovimbisha lesi. Lisiogelee. Lisipikiwe pilau ya kuni. Mafuta ni tone moja, nchani tu. Pasi ni mwiko, na hapo nilipiga mstari mara mbili bila kutaja jina.

Shangazi aliyasoma yote, akayasifu, akasema mambo mazito namna hii hayafai kuachiwa mtu mmoja. Akaitisha kikao. Ikaundwa kamati: yeye mwenyekiti, wifi mhazini, mdogo wangu mjumbe anayewakilisha vijana. Mimi nikapewa cheo cha fundi, kwa kuwa ndiye ninayejua kuosha. Wigi lina daftari sasa, lenye majina na tarehe, na limepangiwa shughuli mpaka baada ya Mfungo.

Juzi mume wangu alinialika chakula cha jioni, kuadhimisha ndoa yetu. Nikafungua stoo, nikakuta dumu lina upara. Wigi lilikuwa Moshi, kwenye harusi ya mtu nisiyemjua. Nikampigia shangazi simu, nikamwamkia vizuri, nikaeleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "maombi hupokelewa kwa maandishi."

Nimeandika. Wifi amenijulisha kwamba ombi langu limepokelewa na linafanyiwa kazi.